Himma na Ghururi: Kisa cha Merikebu Kubwa



Kijana mmoja katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha aliniuliza swali lenye maneno machache na maana nyingi. Alisema: "Maalim, mnatufundisha tuwe na himma, tusiridhike na unyonge. Kisha mnatufundisha tujihadhari na ghururi. Mimi nitajuaje kama hili ninalolitaka ni himma au ni ghururi? Naona yote mawili humjia mtu yamevaa kanzu moja."

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anivumilie mpaka darsa ijayo. Nilisita kwa sababu mbili. Ya kwanza, swali lake lilikuwa zuri, na swali zuri halifai kujibiwa kwa pupa. Ya pili, mimi mwenyewe nina deni katika mlango huu, nalo nitalieleza kabla ya kumaliza. Niliporudi kwake sikuanza na hukumu, nilianza na kisa. Ni kisa cha merikebu ya moshi iliyoundwa London zaidi ya miaka 160 iliyopita, na jina lake Great Eastern. Nimeona nikiandike hapa pia, maana sisi watu wa pwani vyombo twavijua, na mfano wa chombo hautupiti mbali.

MERIKEBU YENYEWE

Aliyeibuni alikuwa mhandisi Mwingereza, Isambard Kingdom Brunel, aliyezaliwa mwaka 1806. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Alijenga reli ya kutoka London kwenda Bristol, alijenga madaraja, na kabla ya hii alikwisha unda merikebu mbili zilizowashangaza watu wa zama zake: Great Western, iliyovuka bahari ya Atlantiki mwaka 1838, na Great Britain, merikebu ya chuma iliyoshuliwa mwaka 1843. Kwa hivyo aliposema kuwa ataunda kubwa kuliko zote, watu walikuwa na sababu ya kumsadiki.

Ilikuwa miaka ya 1850. Waingereza wengi walikuwa wakihamia Australia, ambako dhahabu ilikuwa imevumbuliwa. Safari yenyewe ni ndefu mno, na merikebu ya moshi hula makaa ya mawe usiku na mchana. Njiani ilibidi itue hapa na pale kutia makaa, na makaa hayo nayo yalikuwa lazima yapelekwe huko kwanza na vyombo vingine, kwa gharama kubwa. Brunel akasema: nitaunda merikebu itakayobeba makaa yake yote tangu Uingereza, iende Australia na kurudi pasina kutia makaa njiani.

Wala hakusema hivyo kwa ndoto. Alikuwa na hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Chukua sanduku, uzidishe urefu wake, upana wake na kina chake mara mbili. Nafasi ya ndani haizidi mara mbili, huzidi mara nane. Lakini uso wa sanduku, ule unaosuguana na maji, huzidi mara nne tu. Maana yake ni kuwa merikebu ikizidi kuwa kubwa, nafasi ya kuwekea makaa huongezeka kwa kasi zaidi kuliko makaa yanayohitajika kuisukuma. Fundi yeyote wa vyombo akikaa akafikiri ataona kuwa ni kweli. Hesabu hiyo haijapingwa hata leo, na kwa ajili yake merikebu za mafuta na za makontena za siku hizi ni kubwa kama zilivyo.

Basi akaichora. Urefu wake futi 692, yaani kama mita 211. Ukitaka kuiona kwa jicho la moyo, unganisha viwanja viwili vya mpira kwa urefu. Upana wake futi 83. Iliwekewa milingoti sita ya matanga, dohani tano, magurudumu mawili makubwa ya kupigia maji ubavuni, kila moja likiwa na kimo cha futi 56, na rafadha nyuma yenye upana wa futi 24. Yaani vitu vitatu vya kuiendesha katika chombo kimoja. Ilipangiwa kuchukua abiria 4,000. Tumbo lake lilifanywa la mabamba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na mabamba hayo yakafungwa kwa ribiti zipatazo milioni tatu, zote zikigongwa kwa nguvu za mikono. Haikuundwa tena merikebu yenye urefu kuishinda mpaka mwaka 1899, na kwa uzito wa ujazo haikushindwa mpaka mwaka 1901.

MASAIBU YAKE

Fedha zilitoka kwa kampuni iliyokuwa imekosa kandarasi ya serikali ya kuchukua barua za Mashariki, nayo ilikuwa ikitafuta kazi ya kufanya. Mwenye kiwanda, John Scott Russell, alikubali kuiunda merikebu pamoja na mitambo yake kwa pauni 377,200. Bei hiyo ilikuwa ndogo kuliko kazi. Kazi ilianza mwaka 1854 huko Millwall, ukingoni mwa mto Thames, na ilipofika mwaka 1856 mwenye kiwanda alikwisha filisika, merikebu bado iko nchi kavu.

Kisha ikaja shida ya kuishua. Mto ni mwembamba, na merikebu ni ndefu, haiwezi kushuka kwa tezi kama vyombo vingine. Ikabidi ishuliwe kwa ubavu. Tarehe 3 Novemba 1857 Brunel alitaka kazi ifanywe kwa utulivu, lakini kampuni, kwa njaa ya fedha, iliuza tikiti kwa watazamaji. Maelfu wakajaa kama siku ya mashindano ya ngalawa. Merikebu ikasogea futi chache, mpini wa winchi ukazunguka kwa ghafla, vibarua wakarushwa huku na huko, wakaumia, na kukapatikana mauti. Kisha chuma kikagoma. Miezi mitatu ilipita, watu wakiisukuma kwa jeki za maji, nyingine zikipasuka, na minyororo ikikatika, mpaka ilipoelea tarehe 31 Januari 1858. Kufikia hapo kampuni ilikuwa haina kitu. Merikebu ikauzwa kwa kampuni nyingine kwa sehemu ndogo tu ya gharama zake.

Brunel mwenyewe alikwisha choka mwili. Tarehe 5 Septemba 1859, merikebu ikiwa tayari kwa safari ya majaribio, alianguka akiwa juu yake kwa maradhi ya kiharusi. Siku nne baadaye, merikebu ikiwa baharini karibu na Hastings, valvu moja iliyoachwa imefungwa ilisababisha mvuke kupasua dohani ya mbele, na wachochea moto kadhaa wakaungua na kufa. Habari hiyo ilimfikia kitandani. Tarehe 15 mwezi huohuo alifariki, naye ana miaka 53.

Mwezi Juni 1860 merikebu ikafunga safari yake ya kwanza ya abiria. Haikwenda Australia. Haikwenda Australia hata mara moja katika umri wake wote. Wenye mali waliipeleka New York, njia fupi ambayo haikuundwa kwa ajili yake, na ambako merikebu ndogo zilikuwa zikiishinda kwa faida. Mabaharia walikuwa zaidi ya 400. Abiria waliolipa nauli hawakutimia 40. Hebu fikiri, ndugu msomaji: vitanda 4,000, na watu 40.

Siku moja tu ilikaribia kujaa, mwaka 1861, ilipochukua askari zaidi ya 2,000 kuwapeleka Kanada. Mwaka uliofuata, karibu na New York, iligonga mwamba ambao haukuwa umeandikwa katika ramani, ukaipasua tumboni ufa wa futi 83 kwa urefu. Wala haikuzama, kwa ajili ya lile bamba la ndani aliloliweka Brunel. Iliingia bandarini kwa nguvu zake yenyewe. Miaka 50 baadaye Titanic, iliyokuwa na bamba la pili chini tu na si ubavuni, ilipasuliwa na barafu ikazama na watu zaidi ya 1,500. Lakini matengenezo ya ufa ule yaliwamaliza wenye mali. Mwaka 1864 merikebu ikauzwa mnadani kwa pauni 25,000.

KAZI AMBAYO HAKUNA ALIYEIWAZA

Walioinunua walikuwa Daniel Gooch, aliyekuwa rafiki na mwenzake Brunel katika kazi ya reli, pamoja na washirika wake. Wakati huo wataalamu walikuwa wakitaka kulaza waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, ili habari iliyokuwa ikichukua siku kumi kwa meli ifike kwa dakika chache. Mwaka 1858 waya ulilazwa, lakini ilibidi merikebu mbili zigawane mzigo, zikutane katikati ya bahari na kuunga ncha mbili, na waya huo ulikufa baada ya wiki chache tu. Waya mpya ulikuwa mzito zaidi, nao ulikuwa wa maili 2,300 za bahari. Ulimwengu mzima ulikuwa na merikebu moja tu iwezayo kuubeba wote kwa mara moja, pamoja na makaa ya kutosha kwenda na kurudi. Ni ile iliyokuwa ikichekwa.

Tena ile rafadha na yale magurudumu, ambayo watu walisema ni israfu kuwa navyo pamoja, ndivyo vilivyoiwezesha kujigeuza polepole na kusimama mahali pamoja katika bahari kuu. Mwaka 1865 waya ulikatika ukazama baada ya maili nyingi kulazwa. Mwaka 1866 wakarudi na waya mwingine, na tarehe 27 Julai ncha yake ikafikishwa salama Newfoundland. Kisha wakarejea pale palipopotea waya wa mwaka wa kwanza, wakauvua kwa kulabu kutoka kina cha zaidi ya maili mbili, wakauunga na kuumalizia. Tangu mwaka ule Ulaya na Marekani hazijaacha kuzungumza.

Na hapa kisa kinaisogelea bahari yetu. Mwaka 1870 merikebu hiyohiyo ililaza waya kutoka Bombay mpaka Aden. Kuja huku ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwani mfereji wa Suez uliokuwa umefunguliwa Novemba 1869 haukuweza kuipitisha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, waya mwingine uliolazwa na meli nyingine ulitoka Aden ukafika Unguja, na kutoka hapo ukaendelea kusini mpaka Durban. Wazee wetu waliokuwa wakingoja habari ya bei ya karafuu mpaka ije na chombo, wakaanza kuipata kwa simu.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Zilipoundwa meli maalumu za kulaza waya, kazi ya merikebu ile ikaisha. Ilikaa bandarini miaka mingi ikiota magugu ya bahari. Mwaka 1886 ilifanywa mahali pa maonyesho na michezo huko Liverpool, na ubavuni mwake ikaandikwa matangazo ya duka. Kisha ikauzwa kwa wavunja vyuma, na kuivunja kulichukua zaidi ya mwaka. Kipande cha mlingoti wake mmoja bado kimesimama katika uwanja wa mpira wa Anfield, hapohapo Liverpool, kinatundikiwa bendera. Vijana wetu hukiona kwenye televisheni wasijue ni cha nini.

MAJIBU MAWILI MEPESI

Nilipofika hapo nilimuuliza yule kijana na wenziwe: mwasemaje? Wakagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza wakasema: huyu alipatikana na kibri, na mwenye kibri huangushwa. Mpanda ngazi hushuka. Nikawaambia: taratibu. Sisi hatukupewa ufunguo wa moyo wa mtu, awe ndugu yetu au wa mbali. Kama kila kuanguka ni adhabu ya kibri, basi kila anayefaulu ni mnyenyekevu, na hayo macho yetu yanayakataa. Tena, watu wa Nabii Nuh nao walicheka walipomwona anaunda chombo kikubwa mahali pasipo na maji. Kicheko cha watu si dalili ya upotovu, kama makofi yao yasivyokuwa dalili ya uongofu. Na mtu aliyeweka bamba la pili tumboni mwa merikebu ili abiria asiowajua wasife, huyo si wa kumtukana ovyo. Ghururi haina tabia ya kujiwekea akiba ya hatari. Ghururi husema: hii haizami.

Kundi la pili wakasema: bali huyu ndiye mwenye himma, watu wa zama zake hawakumfahamu, na mwisho merikebu yake ilifaa ulimwengu. Nikawaambia: na nyinyi taratibu. Hayo manufaa ya waya, Brunel hakuyakusudia wala hakuyaona. Alikuwa kaburini miaka saba. Wale wenye hisa wa kwanza, waliotoa akiba zao, hawakurudishiwa hata pauni moja kwa sababu Marekani imezungumza na Uingereza. Mjane wa mchochea moto hakupewa mumewe. Kheri iliyotokea baadaye ni fadhila yake Mola. Si stakabadhi ya kulipia madeni ya aliyetangulia. Mtu akivunja chungu cha jirani, kisha vigae vikafaa kuzibia tundu la kuku, bado ana deni la chungu.

Wakanyamaza. Yule mwenye swali akasema: "Sasa umetufungia milango yote miwili, Maalim."

MIZANI

Mlango wa tatu nadhani ni huu. Ukubwa wenyewe si dhambi wala si sifa. Merikebu ile haikuzidi futi moja wala kupungua futi moja kati ya mwaka 1860 na mwaka 1866. Chuma kilekile, mitambo ileile. Ilipokuwa na vitanda 4,000 na abiria 40, ilikuwa mzigo. Ilipobeba waya ambao hapana chombo kingine kingeweza kuubeba, ilikuwa rehema. Kilichobadilika ni haja. Safina ya Nabii Nuh nayo hatuikumbuki kwa urefu wake, twaikumbuka kwa waliookoka ndani yake.

Hesabu ya Brunel kuhusu maji na makaa ilikuwa timamu. Palipopungua ni hesabu ya watu. Ni nani hao 4,000 watakaopanda kwa safari moja? Watashukia bandari gani yenye kina cha kuipokea? Nani atalipa ikichelewa, na nani ataumia ikikwama? Maswali hayo hayajibiwi kwa kanuni za uhandisi. Hujibiwa kwa kuwauliza wenyewe, na kuwasikiliza.

Kwa hivyo nimemwekea kijana yule mizani ya mambo matatu, naye mwenye akili ataongeza.

Kwanza, ajiulize: jambo hili ni la nani? Himma huanza na haja ya watu, ikatafuta kipimo chake, kikawa kikubwa au kidogo. Ghururi huanza na kipimo, kisha ikatafuta haja ya kukijaza.

Pili, ajiulize: likiharibika, nani atabeba? Mtu akijihatarisha mwenyewe kwa mali yake na usingizi wake, hilo ni lake na Mola wake. Lakini akihatarisha akiba ya wengine na viungo vya vibarua, hapo amekwisha kuingia katika amana, na amana ina hesabu nyingine. Brunel alijitoa mwenyewe mpaka akafa, na hilo ni la kuheshimiwa. Lakini hakujitoa peke yake.

Tatu, ajitazame anapoulizwa. Na hili la tatu ndilo lililonifanya nisite usiku ule, kwa sababu nalijua kwa kuumia, si kwa kusoma.

DENI LANGU

Miaka mingi iliyopita madrasa ya mtaani kwetu ilikuwa chumba kimoja kinachovuja, na watoto wapata sabini. Tuliunda kamati, nami nilikuwamo, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko za wengi. Tukachorewa ramani ya ghorofa tatu, yenye ukumbi, maktaba na vyumba vya wageni. Tuliitundika ramani ile ukutani, na wallahi tulikuwa tukiitazama zaidi kuliko tulivyokuwa tukiwatazama watoto.

Siku ya kuchanga alikuja bibi mmoja muuza vitumbua. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa fedha alizozikunja vizuri, akaniwekea mezani. Kisha akaitazama ramani akaniuliza: "Maalim, watoto wenyewe ni hawa sabini. Hiyo ghorofa ya tatu ni ya nani?"

Nikamjibu mbele ya watu: "Bi mkubwa, himma ni kutazama mbele." Watu wakacheka. Nami, Mola anisamehe, nilifurahi walivyocheka.

Fedha zilitufikisha kwenye nguzo za ghorofa ya pili zikaisha. Nondo zikabaki zimechomoza juu zikila kutu. Chumba cha zamani tulikwisha kukivunja ili kupisha msingi. Watoto wakasomea barazani, mvua ikija wakatawanyika, na wengi wakatawanyika moja kwa moja, wasirudi tena. Ilipita miaka tisa ndipo tulipopata akili ya kuezeka mabati chumba cha chini na kuacha ndoto za juu. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, zile fedha za kwanza zingetosha na kubaki.

Nilikwenda kwa yule bibi kumtaka radhi. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri. Nikamwambia: "Bi mkubwa, nimekuja unisamehe. Swali lako lilikuwa la haki, nami nililifanyia mzaha." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Fedha nimesamehe, Maalim. Mimi sikutoa kwa ajili ya ghorofa, nilitoa kwa ajili ya watoto. Lakini ile miaka tisa si yangu mimi kuisamehe. Waulize waliokuwa watoto."

Mpaka leo ninawauliza, mmoja mmoja, kila ninapokutana nao. Wengine wananisamehe kwa maneno. Wapo ambao kusoma kwao kuliishia kwenye baraza ile, na msamaha wao ni mzito kuupokea kuliko lawama.

Basi nikamwambia kijana wangu: jibu la swali lako nililipata kwa bibi yule, na sikulipenda. Siku utakapokuwa na jambo kubwa moyoni, akaja mtu mnyonge kuliko wote akakuuliza, "Hili ni la nani?", jitazame. Ukiona unakaa naye chini, unahesabu pamoja naye, na uko tayari kupunguza ghorofa au hata kuiongeza kwa sababu ya swali lake, hiyo huenda ikawa himma. Ukiona unatafuta maneno ya kumnyamazisha mbele ya watu, basi usiendelee kununua saruji.

Wala msifahamu, ndugu zangu, kuwa ninawaambia mjenge vibanda maisha yenu yote. Umma unahitaji hospitali kubwa, vyuo vikubwa, na vyombo vikubwa vya kuvuka bahari, na vitu hivyo havijengwi na waoga. Mwenye kuona mbali asivunjwe moyo, na aliyejaribu akashindwa asichekwe. Ninachosema ni kuwa mwenye kuona mbali awe na macho ya karibu pia, awaone waliokaa mbele yake wakimngoja.

Darsa ile tuliifanya katika chumba kilekile cha chini, chenye mabati. Juu yetu nguzo zimesimama mpaka leo, hatukuzikata. Watoto wa mwaka huu ni zaidi ya mia, na chumba kimeanza kuwa kidogo. Kamati imeniita tena kutaka ushauri kama wakati umefika wa kumalizia ghorofa ya pili. Nimewaambia nitatoa shauri langu baada ya kina mama wa mtaa kutoa lao, na safari hii wao ndio watakaoshika daftari la fedha.

Namwomba Mola atupe himma isiyotupofusha, na atusamehe tuliyowabebesha wenzetu. Wabillahi tawfiq.